NANI KAPIGWA ZAIDI? HILO NI SWALI LA MWENYE FIMBO



Kuna tabia imeingia katika mikutano yetu, nami naisema waziwazi kwa kuwa nimechoka kuiona ikipigiwa makofi. Msemaji husimama, na badala ya kueleza watu wake wanadai nini na kwa haki gani, huanza kuvua shati aonyeshe makovu. Wilaya yake ndiyo iliyoonewa kuliko wilaya zote. Kabila lake ndilo lililokufa kwa wingi. Babu yake ndiye aliyekaa kifungoni miaka mingi kuliko babu wa mtu ye yote. Akikaa, husimama mwingine asiyekubali kushindwa, naye huja na babu wawili. Saa mbili zikipita, shauri lililotukutanisha limesahauliwa, na kilichobaki ni mnada wa machozi, kila mtu akipandisha bei.

Watakuwapo watakaosema kwamba naandika hivi kwa sababu mimi ni kijana, sikuona dhuluma ya Mdachi wala ya Mwingereza. Kweli, sikuiona. Lakini hao wanaopaza sauti juu ya Maji Maji nao hawakuyaona. Aliyezaliwa mwaka vita vile vilipoanza angekuwa leo na umri wa miaka ipatayo mia na ishirini. Sote tumerithi habari. Tunachotofautiana ni namna tunavyozitumia.

Tarehe 1 Novemba 1905 Mdachi alikuwa vitani kusini mwa nchi yetu, akiua. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akakutana na wajukuu wa mashujaa, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wadachi waliwatendea babu zetu. Akaahidi pia kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano. Neno hilo lilikawia zaidi ya miaka mia moja. Mtu angedhani kwamba baada ya kulisikia, Watanzania wangeuliza kwa sauti moja: vyema, sasa baada ya msamaha kinafuata nini?

Maneno niliyoyasikia mimi katika safari za kazi ya chama yalikuwa mengine. "Kwa nini Songea? Vita havikuanza Songea, vilianza kwetu Umatumbi." Mwingine akadakia: "Wangoni waliingia sisi tukiwa tumekwisha kufa." Na mtu wa Songea, naye amekasirika, akajibu: "Ninyi mna kaburi gani la kuonyesha?"

Nataka tusimame kidogo penye jibu hilo la mwisho, maana ndani yake mna ubaya wote ninaotaka kuueleza.

Ni kweli vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima. Ni kweli Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ndiye aliyeanza kugawa maji, na Mdachi akamnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule, vita vikiwa bado vichanga. Maji yale hayakugeuza risasi, kila mtoto wa shule ajua. Lakini yalifanya kazi moja ambayo risasi haikuweza kuivunja upesi. Mmatumbi, Mngindo, Mzaramo, Mluguru, Mpogoro, Mmbunga, Mbena na Mngoni, watu ambao baadhi yao jana walikuwa wakitekana ng'ombe na watoto, walikubali kwamba fimbo inayompiga mmoja ni fimbo ile ile inayompiga mwingine. Basi leo wajukuu wao wakikaa kugombana nani kati yao alipigwa zaidi, wanayamwaga chini yale maji.

Sasa turudi kwenye kaburi. Songea wana kaburi kwa sababu tarehe 27 Februari 1906 Mdachi aliwanyonga pale wapiganaji 67 wa Kingoni. Waliuawa hadharani, siku moja, mahali pamoja, na majina yakahifadhika. Kila mwaka tarehe hiyo wanakumbukwa, na makumbusho yako pale. Jambo jema. Nani awanyime heshima yao?

Lakini wengi wa waliokufa katika vita vile hawakunyongwa wala hawakupigwa risasi. Mdachi alipoona kwamba wapiganaji hawakai mahali pamoja wapigwe, alikwenda kwenye maghala. Akachoma mtama na mahindi, akachoma vijiji, akaharibu mashamba, akachukua mifugo. Maofisa wake wenyewe waliandika kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha watu hawa. Serikali yake ilihesabu waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria waliofanya utafiti baadaye wamefikisha hesabu hata 300,000. Tazameni pengo kati ya hesabu hizo mbili. Humo ndani wamo vizee waliobaki nyuma wakati wenzao wakikimbilia msituni, wamo watoto waliokula mizizi, wamo akina mama waliokufa njiani na hakuna aliyekuwa na nguvu za kuchimba shimo. Hao hawana kaburi la kuonyesha. Hawana tarehe. Hawana mjukuu, maana ukoo mzima ulikwisha.

Nauliza: katika mashindano haya ya mateso, hao watasimamishwa na nani? Hapo ndipo uongo wa mashindano unapofichuka. Aliyeumia kuliko wote kwa kawaida hakubakiza mtu wa kumsemea. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti hana zamu mkutanoni. Anayeshinda mnada wa machozi ni yule mwenye jamaa waliosoma, mwenye barabara inayofika kwake, mwenye picha, mwenye rafiki katika gazeti.

Huo ni ugonjwa wetu wa nyumbani. Tazameni sasa jinsi mwenye fedha anavyoutumia.

Katika nchi ya Namibia, iliyotawaliwa na Mdachi kama sisi, Waherero waliinuka Januari 1904. Mwezi Agosti walishindwa vitani wakakimbilia nyika isiyo na maji, na tarehe 2 Oktoba Jenerali von Trotha akatoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka, mwenye bunduki au asiye nayo, apigwe risasi, na wanawake na watoto wafukuzwe warudi nyikani. Wanama nao waliinuka mwaka ule, nao wakafanyiwa yao, hasa katika kambi ya Shark Island ambako watu walikufa kwa baridi, njaa na kazi za sulubu. Waherero walikuwa yapata 80,000; hesabu ya mwaka 1911 iliwakuta kama 15,000. Wanama walikuwa yapata 20,000, walibaki nusu.

Tarehe 28 Mei 2021 Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, Bwana Heiko Maas, alitangaza kwamba serikali yake sasa itayaita mambo yale mauaji ya kimbari, "kwa macho ya leo". Na fungu likatajwa: yuro bilioni moja na milioni mia moja, kwa miaka thelathini, kwa miradi. Neno "fidia" likakwepwa kama nyoka. Gawanya mwenyewe: haifiki yuro milioni 37 kwa mwaka.

Viongozi wa Waherero na Wanama wengi wakasema kwamba mapatano yamefanywa kati ya serikali na serikali, na wao wenye wafu hawakupewa kiti kinachowastahili. Wadamara na Wasan wakauliza, na wafu wetu je? Maana nao waliuawa. Waherero wa Botswana, ambao babu zao walivuka nyika wakiwa wamebaki mifupa, wakauliza, na sisi tuliokimbia? Na watu wa kaskazini, ambao vita vya ukombozi vya 1966 hadi 1989 viliwachoma kuliko wengine, nao wana makovu yao. Maswali hayo yote ni ya haki, hata moja silibezi. Lakini kwa vile fungu lilitangazwa likiwa dogo na limekwisha kufungwa, kila swali la haki liligeuka kuwa kiwiko katika mbavu za jirani. Na Mdachi? Yeye alikaa pembeni, mpole, akingoja Waafrika wapatane. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Habari hizo zilipofika kwetu, nilidhani tutajifunza. Badala yake nikasikia mtu mzima, tena msomi, akisema: "Waherero wamepewa neno 'kimbari', sisi tumepewa 'samahani'. Basi nasi tuongeze idadi ya wafu." Tuongeze! Kana kwamba wafu ni magunia ya korosho, na mizani iko kwetu. Ndugu huyo hajui kwamba siku ambayo hesabu moja ya uongo itagunduliwa, na itagunduliwa, wale 75,000 ambao Mdachi mwenyewe amekwisha kukiri watatiwa shaka pamoja na wengine wote. Na hajui jambo la pili lililo baya zaidi: anapomwendea Mdachi kumwambia "sisi tuliumia kuliko Waherero", amekwisha kumkalisha Mdachi katika kiti cha kadhi. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Mtu aliyechoma ghala ndiye sasa ataonja machozi na kusema haya yana chumvi zaidi.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu twalijua jambo hili tangu darasa la watoto wadogo. Mwalimu akiingia akakuta ugomvi, akiuliza nani kaumia zaidi, kila mtoto ataonyesha mkwaruzo, na aliyemwaga wino atakuwa wa kwanza kulia. Mwalimu mwenye akili huuliza nani kafanya nini.

Na kwa kweli anayelia wa kwanza mara nyingi huwa ni yule aliyemwaga wino. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wetu wengi wanadhani kilio ni silaha ya mnyonge. Historia yaonyesha kwamba mwenye nguvu ndiye fundi wa kulia.

Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake, mwaka 1833, watumwa wapatao 800,000 walikuwa wafunguliwe. Nani walijaza ofisi za London kwa malalamiko? Mabwana. Walilia kwamba wanafilisika, wajane wao watakosa chakula, mali yao halali inanyang'anywa. Bunge likawaonea huruma likawatengea pauni milioni 20. Mtumwa hakupata hata senti. Alitakiwa aendelee kumtumikia bwana yule yule miaka mingine kadhaa kwa jina jipya la mwanafunzi wa kazi. Deni la fedha zile, kwa maelezo ya Hazina ya Uingereza yenyewe, lilimalizwa kulipwa mwaka 2015.

Haiti walijikomboa kwa damu yao wakatangaza uhuru mwaka 1804. Mwaka 1825 Mfaransa alileta manowari kudai faranga milioni 150 kwa ajili ya walowezi waliopoteza mashamba, na watumwa pia, kwani waliohesabiwa katika hasara ni pamoja na watu wale wale waliokuwa wakidaiwa walipe! Dai likapunguzwa mwaka 1838 likawa milioni 90 kwa jumla, na madeni yaliyozaliwa na jambo hilo yaliiandama Haiti hata 1947.

Tusiseme hayo ni ya ng'ambo. Unguja, Aprili 1897, Sultani Hamud bin Mohammed, akisukumwa na Mwingereza, alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria. Mtumwa alipokwenda mahakamani kudai uhuru wake, fidia ililipwa kwa bwana wake. Masuria wakaachwa nje ya amri ile. Aliyetokwa jasho alikwenda zake mikono mitupu, na aliyekaa barazani akafidiwa kwa uchungu wa kuondokewa.

Na Kenya. Tangu Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, magazeti ya London yalijaa picha za walowezi waliouawa na Mau Mau. Walowezi waliouawa katika miaka yote ile walikuwa 32. Ni watu, walikufa vibaya, na mtoto aliyeuawa kitandani ni mtoto. Lakini Waafrika walionyongwa kwa hukumu za mahakama walikuwa zaidi ya elfu moja na tisini, na serikali yenyewe ilihesabu wapiganaji zaidi ya 11,000 waliouawa. Picha zao ziko wapi? Usiku wa 26 Machi 1953 huko Lari wapiganaji walichoma nyumba za jamaa za askari wa ulinzi, na wanawake na watoto wakafia ndani. Serikali ikawaonyesha wafu hao dunia nzima. Kisha katika saa zile zile askari wa ulinzi na polisi wakalipiza kisasi wakaua watu wengi, na juu ya wafu hao serikali ikafunga mdomo. Waafrika kwa Waafrika, kijiji kimoja, usiku mmoja. Wengine wakaingizwa gazetini na wengine wakafukiwa. Aliyechagua nani aliliwe ni yule mwenye mtambo wa kupiga chapa.

Mlionishutumu kwamba nawanyamazisha wanyonge, someni tena habari hizo. Nasema mnyonge asiingie katika mchezo ambao uwanja ni wa mwingine, mpira ni wa mwingine, na mpuliza filimbi ni jamaa yake.

Nirudi nyumbani, kwenye jambo dogo ambalo linatula kila siku. Katika ushirika mmoja, ambao sitautaja, wanachama walimtaka mweka hazina asome hesabu za korosho. Mweka hazina akasimama. Hakufungua daftari. Alieleza kwamba anafuatwa na maadui kwa sababu ya ukoo wake, kwamba ukoo wake umeonewa tangu enzi za maakida, kwamba baba yake alichapwa viboko mbele ya watoto wake. Alieleza vizuri, nakiri. Akina mama wakatoa leso. Mwenyekiti akasema shauri hili ni zito, tuliahirishe. Daftari likarudi kwapani lilikotoka.

Inawezekana baba yake alichapwa kweli. Viboko vya akida havikuwa hadithi. Lakini kiboko kilichompiga baba mwaka ule hakijibu swali la fedha za mwaka huu. Na wale wakulima waliouza korosho na hawakulipwa, wao hawana baba? Kila mmoja wao ana kisa chake, ila amekuja na swali, na swali halitoi machozi. Basi ndivyo aliyeiba anavyoondoka akiwa mwonewa, na aliyeibiwa anaondoka akiwa mtu mwenye roho mbaya.

Tena angalieni ni nani hasa wanaotumia makovu kama kadi ya kuombea vyeo. Mara chache sana utamkuta mwenye kovu lenyewe. Wapiganaji wa msituni wa Kenya walitoka baada ya uhuru wa 1963, na wengi wao hawakupata hata ekari moja. Chama chao, Mau Mau, kiliendelea kuandikwa katika sheria kuwa chama haramu hadi mwaka 2003, miaka arobaini mizima, katika nchi waliyoipigania. Katika miaka hiyo arobaini majukwaa hayakukosa watu wa kulilia mateso ya uhuru. Ila waliokuwa wakilia walikuwa wamevaa suti, na wenye mateso walikuwa wakilima vibarua.

Sasa utaniuliza: basi aliyeumizwa afanyeje? Anyamaze? Hasha. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa asipolia, hakuna matanga. Lakini hata katika matanga yetu kuna adabu yake: ukifika msibani kwa jirani huanzi kusimulia kwamba msiba wako wa mwaka jana ulikuwa mkubwa kuliko huu. Ukifanya hivyo utaitwa mwendawazimu. Kwa nini basi lile ambalo ni wazimu msibani liwe siasa mkutanoni?

Anayedai haki huleta mambo matatu: jambo lililotendwa, mtu aliyelitenda, na ushahidi. Kipimo cha uchungu hakimo. Tazameni waliowashtaki Waingereza mahakamani London kwa mateso ya Hali ya Hatari. Mmoja wao, Mzee Wambugu wa Nyingi, alikuwa kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, siku wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa, naye akapigwa akazimia akawekwa pamoja na maiti. Wakati ule serikali ya Kenya ilitangaza kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Mzee yule na wenzake walikwenda mahakamani na maelezo ya mambo waliyotendewa, na wanahistoria wakaleta karatasi. Maana mwaka 2011 ilibidi serikali ya Uingereza ikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni 37 mahali paitwapo Hanslope Park. Yale mafaili ndiyo yaliyomfunga Mwingereza mdomo. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wake, Bwana William Hague, alisimama bungeni akaeleza majuto, na malipo ya pauni milioni 19.9 yakatangazwa kwa wadai 5,228, gharama za mawakili zikiwa humo humo. Linganisheni, kwa mzaha mchungu, na zile milioni 20 za mabwana wa 1833, tena pauni ya wakati ule ilikuwa pauni kweli kweli. Hata ukiligawanya fungu zima bila kuwatoa mawakili, halifiki pauni elfu nne kwa mtu.

Na baada yao walikuja wengine wapatao 40,000. Kesi yao ikaanguka mwaka 2018. Mahakama iliona kwamba muda uliopita ni mrefu mno, shauri haliwezi tena kusikilizwa kwa haki. Ndugu hao hawakushindwa kwa sababu machozi yao yalikuwa machache. Walishindwa kwa sababu ya kalenda, kwa sababu mashahidi walikwisha kufa na maneno yao hayakuandikwa mapema. Hapo ndipo pa kuogopa, sisi wa Maji Maji tulio mbali zaidi na siku zile kuliko wao.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wakikumbuka. Walikwenda, wakaketi na wazee, wakaandika. Wazee wale wote sasa wamekufa. Kila neno tunalolisema leo kwa uhakika juu ya maisha ya vijijini katika vita vile, kwa sehemu kubwa latoka katika karatasi za vijana wale waliotembea kwa miguu likizoni. Hawakumwuliza Mmatumbi kama aliumia kuliko Mbena.

Jambo la pili ni kwenda pamoja. Mataifa ya visiwa vya Karibi, madogo kuliko baadhi ya mikoa yetu, mwaka 2013 yaliunda tume moja ya fidia, na mwaka 2014 yakatoa madai ya vifungu kumi kwa jina la wote. Hawakukaa kupima miwa ya Jamaika na miwa ya Barbados ipi ilinyweshwa damu zaidi. Umoja wa Afrika nao uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa haki na fidia kwa Waafrika. Mdachi alitawala Tanganyika, Rwanda, Burundi, Kamerun, Togo na Namibia. Nchi hizo zikimwendea kila moja kwa mlango wake, kila moja ikisema "mimi zaidi", zitapewa chai na samahani. Zikiingia kwa mlango mmoja, atalazimika kuleta viti.

Kama kuna asiyeamini kwamba shauri letu ni moja, na aulize juu ya mafuvu ya Berlin. Watafiti wa makumbusho ya huko walichunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki zama za ukoloni, wakatoa matokeo mwaka 2023. Yaliyotambuliwa kuwa ya Rwanda ni 904, ya Tanzania 202, ya Kenya 22, na saba hayakujulikana kwao. Kwa miaka zaidi ya mia yalikaa pamoja katika makabati ya mtu mmoja, yametiwa namba. Aliyeyatia namba hakuuliza yupi aliumia zaidi wakati wa kufa.

Kwa hiyo nawaomba makatibu wa matawi ya Kilwa, Rufiji, Liwale, Mahenge, Songea na Njombe jambo moja kabla ya tarehe 27 Februari ijayo. Kila tawi lifungue daftari. Katika kila ukurasa ziwe safu nne: jina la aliyekufa au ukoo wake, kijiji chake, namna alivyokufa, na jina la anayesimulia na alivyopata habari. Waliokufa kwa njaa waandikwe kwanza, hata kama kinachokumbukwa ni jina la kijiji tu na mti waliokutwa chini yake. Msimulizi akianza kusema "sisi tulikufa kuliko", mwandishi amsikilize kwa heshima, kisha amwulize tena jina la kijiji. Mkiwa na mwalimu wa shule karibu, mchukueni awasaidie mwandiko. Madaftari yaletwe ofisi ya wilaya, na tawi lisilo na fedha ya daftari na litume kwangu, nitalipeleka mwenyewe.